Nani Amejibu? Utambuzi wa Nodi za Seva Wakala katika Mawasiliano ya Wavuti kwa Mtazamo wa Kiisimu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza njia zinazotumika kutambua ni nodi ipi, miongoni mwa seva wakala nyingi, iliyoshughulikia ombi fulani la wavuti. Hoja kuu ni kwamba alama za utambuzi zinazoambatanishwa na ujumbe ni usemi, na kwa hiyo hazina budi kuchambuliwa kama usemi: nani amesema, amesema kuhusu nani, na usemi wake umeambatana na tukio gani. Makala yanaonyesha kuwa sarufi ya Kiswahili, hususan kauli ya kutendea, nafsi na virejeshi vya mahali, inatoa vipambanuzi vinavyotosha kulieleza jambo hili kwa usahihi kuliko istilahi zilizozoeleka.

1.0 Utangulizi

Msomaji anapofungua ukurasa wa wavuti hudhani kwamba anawasiliana na seva moja yenye ukurasa huo. Dhana hiyo ilikaribia ukweli katika miaka ya mwanzo ya wavuti, lakini leo ni nadra kuwa kweli. Baina ya kivinjari na seva chimbuko, yaani seva yenye nakala ya asili, mara nyingi husimama seva nyingine mbili, tatu au zaidi. Baadhi hupokea ombi na kulipeleka mbele. Baadhi hujibu zenyewe kutokana na nakala zilizowekwa akiba. Baadhi hugawa maombi kwa mashine nyingi zinazofanya kazi ileile.

Mpangilio huo una manufaa yanayojulikana: kasi, uwezo wa kuhimili maombi mengi, na usalama. Hata hivyo unazua swali ambalo halikuwapo pale msemaji na msikilizaji walipokuwa wawili tu. Watu wawili, mmoja Dodoma na mwingine Mombasa, wanaweza kufungua anwani ileile katika dakika ileile na kupata kurasa mbili zinazopingana: mmoja anaona tangazo la jana, mwenzake anaona la leo. Mwenye tovuti akiikagua seva chimbuko hukuta tangazo la leo peke yake. Hakuna aliyesema uongo, na kosa lipo. Ili kulirekebisha ni lazima kwanza ijulikane nani alijibu.

Swali hilo kwa kawaida huachiwa wahandisi. Makala haya yanadai kwamba lina upande wa kiisimu usioweza kupuuzwa, kwa sababu nodi haionekani kwa macho. Hujulikana kwa yale inayoyasema kuihusu yenyewe, au yale yanayosemwa na nyingine kuihusu. Sehemu ya pili inajadili istilahi. Ya tatu inachambua nafsi ya msemaji katika alama za utambuzi. Ya nne inahusu mahali. Ya tano inahusu uhusiano wa alama na tukio. Ya sita inahusu kimya na uongo. Na ya saba inatoa mfano wa uchambuzi.

2.0 Istilahi: mbadala au wakala?

2.1 Upungufu wa istilahi seva mbadala

Katika baadhi ya programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huonekana istilahi seva mbadala, na katika mazungumzo ya mafundi husikika proksi. Neno mbadala hutaja kitu kinachochukua nafasi ya kingine, kama katika nishati mbadala au njia mbadala. Aliye na njia mbadala haipiti ile ya kwanza. Seva inayojadiliwa hapa haichukui nafasi ya nyingine kwa maana hiyo. Hutenda kwa niaba ya mwingine ambaye bado yupo na bado ana kauli. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba hii ni seva mbadala huelekea kuamini kuwa, ikitumika, seva chimbuko imeondoka katika mazungumzo. Kutokana na imani hiyo swali la nani amejibu linakosa maana kwake, kwani kwa fikra zake mjibu ni mmoja daima.

Neno wakala, lenye asili ya Kiarabu na lililokwisha kukita mizizi katika biashara na sheria, linafaa zaidi. Wakala ana anayemwakilisha. Akitenda, huulizwa anatenda kwa niaba ya nani. Ndiyo maana makala haya yanatumia seva wakala.

2.2 Kuombea na kujibia

Hata hivyo neno wakala peke yake halitofautishi aina mbili za seva hizi ambazo wahandisi huzitenga kwa makini. Aina ya kwanza husimama upande wa mwombaji, kwa mfano seva ambayo maombi yote ya kompyuta za chuo hupitia kabla ya kutoka nje. Aina ya pili husimama upande wa mtoaji: huonekana na umma kana kwamba ndiyo tovuti yenyewe, ilhali nyuma yake kuna seva nyingine.

Kiswahili kina nyenzo iliyo tayari ya kuzitofautisha, nayo ni kauli ya kutendea katika maana yake ya kutenda kwa niaba. Katika sentensi Mama amemwombea mtoto ruhusa, aliyetamka ombi ni mama lakini ombi ni la mtoto. Katika sentensi Wakili alimjibia mshtakiwa, sauti ni ya wakili lakini jibu huhesabiwa kuwa la mshtakiwa. Hivyo seva ya aina ya kwanza ni wakala wa kuombea, na ya aina ya pili ni wakala wa kujibia. Inaweza kupingwa kwamba kitenzi ombea kina maana ya kidini pia. Pingamizi hilo si zito, kwani matumizi kama kuombea kazi au kuombea ruhusa ni ya kila siku, na muktadha huondoa utata.

Tofauti hii ina uzito katika utambuzi. Wakala wa kuombea humficha mwombaji: seva chimbuko haijui nani hasa ameomba. Wakala wa kujibia humficha mjibu: mwombaji hajui nani hasa amejibu. Maswali hayo mawili hukaguliwa kwa alama tofauti, na mkanganyiko mwingi hutokea pale alama ya swali moja inapotumiwa kujibu jingine.

2.3 Nodi na mnyororo

Wanasintaksia wanalifahamu neno nodi kutoka michoro ya matawi, ambamo kila nodi ina mahali pake pasipobadilika. Picha hiyo inaweza kupotosha katika mada hii. Mtandao wa seva wakala unaweza kuchorwa kama matawi, lakini ombi moja haliupiti mti mzima. Hupita mnyororo mmoja wa nodi, na ombi linalofuata, hata likiwa la mtu yuleyule, linaweza kupita mnyororo mwingine. Kinachotafutwa, basi, ni nodi zilizoshiriki katika tukio moja la usemi. Ramani ya mfumo mzima haitoshi kulijibu swali hilo.

3.0 Nafsi ya msemaji

3.1 Nafsi ya kwanza: uga wa Via

Kila ujumbe wa wavuti, uwe ombi au jibu, una kichwa chenye nyuga zinazotoa habari kuuhusu. Uga wa Via uliwekwa katika toleo la 1.1 la kanuni za HTTP, lililochapishwa Januari 1997 katika waraka namba 2068 wa mfululizo wa RFC, na umebakia hadi katika waraka namba 9110 wa Juni 2022. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kila wakala anayepeleka ujumbe mbele huongeza toleo la itifaki aliyoipokea na jina lake mwenyewe. Mfano:

Via: 1.1 lango-a, 1.1 lango-b

Kila kipengele hapa ni tamko la nafsi ya kwanza: mimi, lango-a, niliupokea ujumbe huu. Nyongeza huwekwa upande wa kulia daima, kama viambishi vya unyambulishaji vinavyofuatana baada ya mzizi. Katika umbo pikishwa, mpangilio wa viambishi hufichua mpangilio wa unyambulishaji: kwanza pikisha, kisha pikishwa. Vivyo hivyo mpangilio wa Via hufichua mpangilio wa makabidhiano. Ikumbukwe tu kuwa mwelekeo hubadilika kulingana na ujumbe. Katika ombi, jina la kulia kabisa ni la wakala aliye karibu na seva chimbuko. Katika jibu, ni la wakala aliye karibu na msomaji. Kanuni moja inatosha kwa hali zote mbili: wa kulia ndiye aliyesema mwisho kabla ya anayesikiliza.

Anayesema kwa nafsi ya kwanza ana hiari ya kuchagua jina atakalojiita. Kanuni inamruhusu wakala kutumia lakabu pale jina halisi la mashine linapoonekana kuwa siri. Aidha, mawakala wa aina hizo mbili hawabanwi sawa: wakala wa kujibia anapaswa kujitaja katika ombi analolipeleka ndani, lakini katika jibu linalorudi kwa msomaji kujitaja ni hiari. Hivyo tamko la nafsi ya kwanza ni la thamani, lakini ukamilifu wake hutegemea utashi wa msemaji.

3.2 Nafsi ya tatu: X-Forwarded-For

Uga wa X-Forwarded-For, unaohusishwa na watunzi wa programu ya seva wakala iitwayo Squid, una sarufi tofauti. Hapa wakala hajitaji. Humtaja aliyemkabidhi ujumbe, kwa anwani ya IP aliyoiona katika muunganisho. Chukuliwa kuwa msomaji mwenye anwani 203.0.113.7 anapeleka ombi kwa wakala A, naye A analipeleka kwa wakala B mwenye kulifikisha kwenye seva chimbuko. A ataandika anwani ya msomaji, na B ataandika anwani ya A:

X-Forwarded-For: 203.0.113.7, 198.51.100.20

B hatajwi popote katika mstari huu. Seva chimbuko humjua kwa sababu inaongea naye ana kwa ana. Hili ni tamko la nafsi ya tatu: nimeupokea kutoka kwake yeye. Anayetafuta wakala wa mwisho ndani ya uga huu anamtafuta mahali ambapo kisarufi hawezi kuwapo.

Uga wa Forwarded, uliosanifishwa Juni 2014 katika waraka namba 7239, ulikusudiwa kuziunganisha nafsi hizo mbili. Una kipengele cha for kinachomtaja aliyeomba na kipengele cha by kinachomtaja aliyepokea. Unaruhusu pia majina ya kuficha, ambayo ni lazima yaanze na kistari cha chini, na neno la kukiri kutojulikana. Pamoja na ubora huo, uga wa zamani umeendelea kutumika kwa wingi, ingawa tangu Juni 2012 waraka namba 6648 ulikwisha kushauri kuachwa kwa desturi ya kubuni nyuga mpya zenye kiambishi X.

3.3 Usemi juu ya akiba

Kundi la tatu la alama halimtaji mpita njia tu bali hueleza alichokifanya. Uga wa Age hutoa idadi ya sekunde zilizopita tangu jibu litolewe, au lithibitishwe, na seva chimbuko. Kuwapo kwake kunaashiria kwamba jibu halikutolewa wala kuthibitishwa na seva chimbuko kwa ajili ya ombi hili, limetoka akibani. Uga wa X-Cache, unaotumiwa na Squid na mitandao mingine, husema kama nakala ilipatikana au haikupatikana, na katika Squid hutaja na jina la seva. Kila kampuni ilikuwa na lahaja yake, hadi Juni 2022 ulipochapishwa waraka namba 9211 kuhusu uga wa Cache-Status na waraka namba 9209 kuhusu Proxy-Status. Katika nyuga zote mbili mpangilio umewekwa wazi: wa kwanza kutajwa ni aliye karibu na seva chimbuko, na wa mwisho ni aliye karibu na msomaji. Proxy-Status huongeza jambo muhimu, yaani wakala kukiri kosa lake au kueleza kwa nini alishindwa kumfikia aliye mbele yake.

4.0 Mahali: -ko, -po na -mo

Swali Jibu limetoka wapi? lina utata, kwani neno wapi halidai usahihi wa kiwango chochote maalumu. Kiswahili hukitofautisha kiwango hicho kwa viambishi vitatu: -ko kwa mahali pasipo dhahiri, -po kwa mahali dhahiri, na -mo kwa ndani. Viwango hivyo vinalingana vizuri na viwango vya utambuzi wa nodi.

Kiwango cha -ko ni cha anwani ya IP. Mitandao mikubwa ya usambazaji hutumia utaratibu uitwao enikasti, ambapo anwani moja hutangazwa kutoka vituo vingi duniani, na ruta za intaneti huupeleka ujumbe kwenye kituo kimojawapo kulingana na njia zinazopatikana. Anwani ya namna hiyo ni homonimu: umbo ni moja, virejelewa ni vingi. Inathibitisha kwamba nodi iko ndani ya mtandao fulani, na hapo inakoma. Wala haifai kudhaniwa kuwa kituo kilichojibu ni cha karibu kijiografia, kwa kuwa njia za ruta hufuata mapatano ya mitandao wala hazifuati ramani.

Kiwango cha -po ni cha kituo. Kampuni ya Cloudflare huweka katika jibu uga wa CF-Ray, wenye namba ya ombi, kistari, kisha msimbo wa kituo unaotokana na misimbo ya herufi tatu ya viwanja vya ndege. Katika misimbo hiyo NBO ni Nairobi na DAR ni Dar es Salaam. Huduma ya CloudFront ya Amazon ina uga wa X-Amz-Cf-Pop, ambao kwa kawaida huanza na msimbo wa namna hiyohiyo ukifuatwa na namba. Msomaji wa Dodoma na yule wa Mombasa wakilinganisha nyuga hizi, hupata kujua kama walijibiwa na kituo kimoja au viwili.

Kiwango cha -mo ni cha mashine iliyomo ndani ya kituo. Uga wa X-Served-By wa kampuni ya Fastly hutaja seva ya akiba yenyewe, jina likiishia na msimbo wa kituo. Katika mifumo inayoendeshwa na wenyewe, kigawa mzigo ndicho kinachojua. Programu ya nginx ina kigeu kiitwacho $upstream_addr chenye anwani ya seva ya nyuma iliyoulizwa, na kama ziliulizwa kadhaa kwa zamu, zote hutajwa zikitenganishwa kwa mkato. HAProxy inaweza kumpa msomaji kidakuzi chenye jina la seva aliyopangiwa ili maombi yake yanayofuata yaelekezwe kwenye seva hiyohiyo.

Kosa la kawaida katika ripoti za hitilafu ni kutoa jibu la -ko kwa swali la -mo. Kusema kwamba tatizo liko kwenye mtandao wa usambazaji ni kweli, lakini ni kweli isiyomsaidia fundi.

5.0 Usemi na tukio

Tatizo la kutambua nakala moja miongoni mwa nyingi lilijadiliwa mapema katika tawi jirani, yaani seva za majina zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani. Seva za mzizi wa mfumo huo zina majina kumi na matatu, kwa herufi A hadi M, lakini kila jina linaweza kubebwa na mashine nyingi katika nchi nyingi. Ilikuwapo desturi ya kuuliza swali la pekee ili seva itaje jina lake. Waraka namba 4892 wa Juni 2007 ulionyesha udhaifu wa desturi hiyo: swali la utambulisho hupelekwa mbali na swali lenye hitilafu, na maswali mawili yanaweza kufika kwa mashine mbili. Waraka namba 5001 wa Agosti mwaka huohuo ukaweka utaratibu wa seva kujitambulisha ndani ya jibu lenyewe.

Funzo hilo linahusu seva wakala moja kwa moja. Anayeona ukurasa wenye kasoro, kisha akapeleka ombi jingine ili ajue nodi gani inamhudumia, amelitambua tukio la pili na la kwanza limempita. Ni sawa na mwanaisimu anayetaka kujua nani alitamka sentensi fulani, naye akamuuliza mtu wa kwanza anayemkuta mahali iliposemwa. Alama yenye nguvu ni ile iliyosafiri na jibu linalochunguzwa. Kwa hiyo ripoti ya hitilafu inapaswa kunakili kichwa cha jibu lilelile lenye kasoro, pamoja na saa.

Kanuni za HTTP zina njia ya kuhoji mnyororo nodi baada ya nodi, nayo ni ombi la TRACE likiambatana na uga wa Max-Forwards. Kila wakala hupunguza namba iliyomo kwa moja, na anayepokea sifuri halipeleki ombi mbele bali hulirudisha kama alivyolipokea. Kwa kupeleka sifuri, kisha moja, kisha mbili, mchunguzi anaweza kulazimisha kila wakala kwa zamu ajibu mwenyewe. Hata hivyo mwaka 2003 ilionyeshwa kuwa TRACE inaweza kutumiwa kuiba vidakuzi vya msomaji, na seva nyingi zimeifunga. Isitoshe, kila hatua ya uhoji huo ni ombi jipya, na hivyo udhaifu uliotajwa juu unabaki palepale.

Ni muhimu pia kutenga jina la nodi na jina la ombi. Pendekezo la Trace Context, lililopitishwa na W3C Februari 2020, linaweka uga wa traceparent wenye utambulisho wa ombi unaohifadhiwa katika safari yote. Utambulisho huo hausemi nani alijibu, bali humwezesha kila mshiriki kuandika kumbukumbu zake chini ya jina moja, ili baadaye ushahidi wa wote ukusanywe.

6.0 Kimya na uongo

Kimya si kanusho. Kukosekana kwa uga wa Age hakuthibitishi kuwa seva chimbuko iliulizwa. Kukosekana kwa Via hakuthibitishi kuwa hapakuwa na wakala. Wakala anaweza kukiuka kanuni, au akawa hana nafasi ya kusema. Mfano wa pili ni wakala wa kuombea anayeombwa, kwa njia ya CONNECT, afungue mfereji wa mawasiliano yaliyosimbwa kwa siri baina ya kivinjari na seva. Wakala huyo huubeba ujumbe bila kuusoma, na hawezi kuongeza neno ndani yake. Ameshiriki katika tukio bila kuwa msemaji.

Uongo nao una mahali pake panapojulikana. Mwombaji anaweza kujiandikia mwenyewe uga wa X-Forwarded-For kabla ya kupeleka ombi. Wakala A akifuata desturi ataongeza anwani halisi kulia, na seva itapokea:

X-Forwarded-For: 192.0.2.200, 203.0.113.7, 198.51.100.20

Programu inayochukua anwani ya kushoto kabisa kuwa ndiyo ya mwombaji imekubali neno la mshukiwa juu yake mwenyewe. Kama programu hiyo hutumia anwani kutoa au kunyima ruhusa, madhara yake ni makubwa. Usomaji salama huanzia kulia, kwa anwani iliyoandikwa na wakala anayeaminika, na kuelekea kushoto mradi tu kila anayetajwa ni wakala anayejulikana. Anwani ya kwanza isiyo ya wakala anayejulikana ndiyo ya kuchukuliwa. Yote yaliyobaki kushoto kwake yasomwe kana kwamba yametanguliwa na neno eti, ambalo Kiswahili hulitumia kuripoti kauli bila kuidhamini.

7.0 Mfano wa uchambuzi

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha jinsi vipambanuzi hivi vinavyofanya kazi pamoja. Msomaji anapata tangazo la zamani, na jibu alilopokea lina nyuga hizi:

Via: 1.1 ngao-2, 1.1 ukingo-7
Age: 5400
Cache-Status: ngao-2; hit; ttl=1800, ukingo-7; fwd=uri-miss; stored

Kwa kuwa huu ni ujumbe wa jibu, aliyesema mwisho ni ukingo-7, naye ndiye aliyeongea na msomaji. Fundi mwenye haraka atamlaumu huyo na kufuta akiba yake. Usomaji makini unaonyesha vingine. Katika Cache-Status, ukingo-7 anakiri kuwa hakuwa na nakala, na hivyo akaliomba jibu kwa aliye nyuma yake. Ngao-2 ndiye aliyesema kuwa alikuwa nayo. Umri wa jibu ni sekunde 5400, yaani saa moja na nusu, na muda wa uhai uliobaki kwa ngao-2 ni sekunde 1800, yaani nusu saa. Jibu, basi, lilipangiwa kuishi saa mbili, na tangazo lilibadilishwa baada ya nakala kuchukuliwa.

Aliyemfikishia msomaji jibu na aliyelitoa jibu hilo ni nodi mbili tofauti. Fundi akifuta akiba ya ukingo-7 peke yake, ombi linalofuata litarudi kwa ngao-2 na kuleta nakala ileile ya zamani. Akifuta akiba ya ngao-2 peke yake, ukingo-7 ataendelea kutoa nakala, kwa kuwa neno stored linaonyesha kwamba ameshaiweka. Inabidi kuanza na ngao-2, kisha ukingo-7, na kila ukingo mwingine uliopata nakala kutoka kwa ngao hiyo. Mpangilio wa matengenezo unafuata mpangilio wa usemi, kutoka kushoto kwenda kulia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kutambua nodi iliyoshughulikia ombi ni kazi ya kupima ushahidi. Via hutoa kauli ya nafsi ya kwanza, inayoweza kutumia lakabu. X-Forwarded-For hutoa kauli ya nafsi ya tatu, isiyomtaja anayeitoa. Cache-Status na Proxy-Status hueleza kitendo pamoja na mtendaji. Kila moja ina kiwango chake cha mahali, na hakuna yenye nguvu ikiwa imetengwa na tukio inalolishuhudia.

Upo mvutano usioweza kumalizwa kwa istilahi pekee. Alama inayomsaidia mrekebishaji kujua mashine iliyomo ndani humsaidia pia mvamizi kuijua, na anwani inayomtambulisha mwombaji kwa seva humnyima faragha. Njia ya kati iliyo bora ni lakabu thabiti: umma upewe jina lisilofichua kitu, pamoja na utambulisho wa ombi, na mwenye mfumo abaki na kumbukumbu zinazofasiri majina hayo. Mtumiaji akileta jibu lenye kasoro likiwa na lakabu na saa, mwenye mfumo atamjua aliyejibu bila umma mzima kuonyeshwa nyumba ya ndani.

Kwa upande wa ufundishaji, inapendekezwa kuwa istilahi seva wakala ishike nafasi ya seva mbadala, na kwamba aina zake mbili ziitwe wakala wa kuombea na wakala wa kujibia. Majina hayo yanamkumbusha mwanafunzi, kila anapoyatamka, kwamba kuna mwingine ambaye kwa niaba yake jambo limetendwa. Anayekumbuka hilo ataona haja ya kuuliza nani amejibu kabla ya kuuliza kwa nini jibu lina kasoro.